Mohamed Amin, mpiga picha aliyepoteza mkono wa kushoto na kurudi kazini

Anayepiga picha kwenye milima ya Masisi anaijua taabu hii: ukungu ukishuka, kamera ya kisasa inazungusha lenzi mbele na nyuma bila kushika kitu. Kwenye msitu wa Walikale inashika majani yaliyo karibu, na mtu aliye nyuma yake anatoka bila sura. Hapo kinachobaki ni jicho kwenye tundu la kuchungulia na mkono wa kushoto kwenye pete ya lenzi. Mkenya Mohamed Amin aliishi kwa kazi hiyo, na mkono huo ndio alioupoteza.

Alizaliwa Nairobi mwaka wa 1943, katika familia yenye asili ya Punjab. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Familia ilihamia Dar es Salaam, na huko, akiwa bado mwanafunzi, alipata kamera ya Box Brownie iliyokwisha kutumika. Hiyo haikuwa na pete ya kuzungusha: unaelekeza, unabonyeza, basi.

Mwaka wa 1963 alianzisha kampuni yake, Camerapix. Mwezi wa kwanza 1964 alipiga picha za mapinduzi ya Zanzibar. Mwaka wa 1966 alifungwa huko karibu mwezi mzima, kisha akafukuzwa Tanzania na kurudi Nairobi. Ni yeye pia aliyepiga picha Tom Mboya alipouawa mjini humo mwezi wa saba 1969.

Mwezi wa kumi 1984 alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Watu walikuwa wakifa njaa kambini. Kamera ya televisheni ya wakati ule ilikaa begani: mkono wa kulia unaishika, wa kushoto unazungusha pete, jicho linatazama kioo kidogo cha picha nyeusi na nyeupe. Nyuso alizozipiga zilionekana wazi, na dunia ilizitazama. Msaada ukaanza kumiminika, na tarehe 13 mwezi wa saba 1985 tamasha la Live Aid likafanyika London na Philadelphia.

Mwezi wa sita 1991, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake wa sauti, John Mathai, alikufa. Amin alikatwa mkono wa kushoto. Wengi walidhani kazi yake imeisha, lakini alifungiwa mkono wa bandia, akajifunza upya, akarudi nyuma ya kamera.

Alikufa tarehe 23 mwezi wa kumi na moja 1996. Ndege ya Ethiopian Airlines aliyopanda ilitekwa, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Komoro. Kati ya watu 175, walikufa 125.

Leo kamera za dijitali zinamsaidia anayezungusha pete kwa mkono. Nyingi zinapaka rangi kwenye kingo za kitu kilichoshikwa vizuri, na zinakuza sehemu ndogo ya picha ili jicho la mtu lionekane kama liko wazi. Masisi na Walikale, ambako vita imewahamisha wakaaji mara nyingi, picha yenye sura wazi ni ushuhuda kwamba mtu huyo alikuwepo. Kamera haijui ni uso gani unaohitaji kuonekana. Mpiga picha ndiye anayejua.