RUDOLF DIESEL, MTU WA MOTERE YA MAZUTU



Mabishano ya kamioneti mnayajua. Wengine wanasema gari la kubeba mizigo lazima liwe na motere kubwa ya esansi, kwani inaondoka mbio na haina kelele. Wengine wanasema hapana, paka mazutu. Na wengi wanafikiri dizeli ni jina la mafuta tu. Kumbe ni jina la mtu! Basi, katika namba hii tuangalie maisha yake, kiisha turudi kwa mabishano yetu.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, na baba yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza vitu vya ngozi. Feza nyumbani ilikuwa kidogo. Mwaka 1870 vita ilitokea kati ya Ufaransa na Ujerumani, na Wajerumani wa Paris walilazimishwa kuondoka. Jamaa ikakimbilia London. Mtoto Rudolf, wa miaka 12, akatumwa peke yake Augsburg, Ujerumani, kwa mjomba wake aliyekuwa mwalimu wa hesabu.

Kule Augsburg alisoma kwa bidii sana. Alipokuwa na miaka 14 aliwaandikia wazazi wake kwamba anataka kuwa enjeniere. Alikuwa wa kwanza katika darasa lake, na mwaka 1875 akapata buruse ya kusoma katika masomo makubwa ya ufundi kule München. Mwaka 1879, wakati wa mtihani wa mwisho, akashikwa na homa ya tifoide, akakosa kuufanya. Hakukata tamaa. Alikwenda kutumika kazi katika kiwanda kimoja cha Uswisi, na mwanzo wa 1880 akarudi kufanya mtihani ule, akashinda vizuri kabisa.

Huko München mwalimu wake Carl von Linde alikuwa amemfundisha jambo ambalo halikutoka tena moyoni mwake. Mashini za mvuke za siku zile zilikula makaa mingi, lakini karibu sehemu 90 za moto katika 100 zilipotea bure. Diesel alijiuliza: namna gani kupata mashini isiyotupa moto hivi? Kwa miaka mingi alitumika kwa Linde katika kazi ya mashini za barafu, na saa za kupumzika alifanya hesabu zake.

Tueleze wazo lake. Ukipompa kinga ya baiskeli mbio mbio, pompi inakuwa moto. Sababu ni nini? Hewa ikifinywa inapata moto. Katika motere ya esansi, inayofuata namna ya motere iliyotengenezwa na Mjerumani mwingine, Nikolaus Otto, mwaka 1876, hewa na mafuta vinachanganywa, vinafinywa kidogo, kiisha moto unawashwa toka inje. Leo bujia ndiyo inayofanya kazi ile. Diesel alitaka kufinya hewa peke yake, kwa nguvu nyingi sana, mpaka iwe na moto wa kuyawasha mafuta yenyewe. Ndiyo maana motere ya mazutu haina bujia.

Mwaka 1892 aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake, na mwaka 1893 akaipata. Kiwanda cha mashini cha Augsburg kikakubali kumsaidia. Siku ya kwanza ya kujaribu, tarehe 10 Agosti 1893, mafuta yaliwaka kweli, lakini kwa nguvu hata chombo cha kupimia kikapasuka karibu na watu. Hakuna aliyekufa. Walitengeneza tena na tena, miaka karibu mine. Mwezi wa Februari 1897 profesa mmoja wa München aliipima mashini mbele ya watu: sehemu 26 za moto katika 100 ziligeuka kuwa kazi. Hakuna motere nyingine ya wakati ule iliyofika pale.

Diesel akawa tajiri kwa ghafula. Viwanda vya inchi nyingi vilinunua ruhusa ya kutengeneza motere yake. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, motere moja ya namna yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga! Serikali ya Ufaransa ilikuwa ikifikiri juu ya makoloni yake ya Afrika, mahali karanga zilipopatikana tele.

Lakini raha hakuipata. Alikuwa amechoka mpaka akaingia hospitali kupumzisha akili. Washindani wake walibisha kwamba uvumbuzi si wake. Feza yake aliiweka katika mambo yaliyoanguka. Tena, tangu mwanzo alitamani motere ndogo ya kuwasaidia mafundi wadogo wasimezwe na viwanda vikubwa. Lakini motere yake ilikuwa nzito sana, ikawafaa paka wenye viwanda na meli. Alijaribu motere ndogo ya kamyo mwaka 1908, haikufaulu sokoni.

Tarehe 29 Septemba 1913, usiku, alipanda meli Dresden toka Antwerpen, Ubelgiji, kwenda Uingereza. Alikula na wenzake, akaingia kulala. Asubuhi hakuonekana. Kitanda hakikulaliwa. Kofia na koti yake vilikutwa juu ya meli. Siku chache baadaye mabaharia wa Uholanzi waliona maiti majini. Vitu vya mfukoni vilitolewa, na mtoto wake akavitambua. Alikuwa na miaka 55, na madeni mengi. Watu wengi wanafikiri alijitupa mwenyewe, lakini hakuna aliyeshuhudia.

Wengine wakaimaliza kazi yake. Mwaka 1924 makamyo ya mazutu yalikuwa yakiuzwa Ujerumani, na mwaka 1927 Robert Bosch akaanza kutoa kwa wingi pompi ndogo ya kusukuma mafuta. Hapo motere ikapata njia ya kuingia hata katika kamioneti. Lakini haikuingia kwa urahisi. Ford Transit ya 1965, kule Uingereza, ilikuwa na motere fupi ya esansi. Ile ya mazutu ilikuwa ndefu, hata ikabidi gari lirefushwe pua!

Sasa, turudi kwa mabishano. Motere kubwa ya esansi ni nyepesi, bei yake ya kununua ni kidogo, inawaka upesi wakati wa baridi. Kule Marekani, mahali esansi ilikuwa bei ndogo, kamioneti nyingi zilibaki nayo. Lakini gari likienda polepole au likiwa tupu, motere ile inavuta hewa kupitia mlango uliofungwa nusu, na nguvu inapotea. Mazutu haina mlango ule: kazi ikiwa kidogo, inapewa mafuta kidogo. Tena inavuta mzigo vizuri bila kuzunguka mbio. Kwa gari linalotembea kila siku na mizigo, faida inaonekana kwa pompiste. Lakini mazutu yenye maji au uchafu inaharibu pompi na enjekteri, na matengenezo yake ni feza mingi. Na moshi wake ni mbaya kwa mapafu: miji mingi ya Ulaya imezuia magari ya mazutu ya zamani.

Basi, mwenye kutembea mara moja moja na mzigo mwepesi, esansi haimwaibishi. Mwenye kubeba mihogo kila siku, achague mazutu, na achunge mafuta yake yawe safi. Kabla ya kupiga kelele juu ya motere, tuulize kwanza: mzigo gani, njia gani, na nani atalipa matengenezo? Rudolf Diesel alijua kuhesabu moto hata sehemu ndogo, lakini feza yake hakuihesabu vile. Sisi wanafunzi tujifunze zote mbili.

Wasomaji, kwa herini mpaka namba ijayo.