Mjane wa Yquem aliyelinda shamba la ukoo kwa miaka 63

KATIKA vitongoji vya Kibaha na Kisarawe, kuanzia Tangini hadi vijijini, ambako mashamba ya mikorosho na minazi yamekuwa yakikatwa viwanja, familia nyingi hugawanyika juu ya swali moja: je, mwanamke anaweza kuachiwa shamba la ukoo? Zaidi ya karne mbili zilizopita, swali hilo lilijibiwa kwa vitendo na mwanamama wa Kifaransa, Françoise-Joséphine de Sauvage d'Yquem.

Alizaliwa mwaka 1768, akawa mrithi wa mwisho wa ukoo wa Sauvage, ulioshika shamba la Yquem, kusini mwa Bordeaux, tangu mwaka 1593. Mwaka 1785 aliolewa na Louis-Amédée de Lur-Saluces. Miaka mitatu baadaye mumewe alianguka kutoka kwenye farasi na kufariki dunia, akamwacha mjane wa miaka 20.

Mwaka uliofuata yalizuka Mapinduzi ya Ufaransa, na makabaila wengi wakapoteza mali zao. Mjane huyo alitiwa gerezani mara mbili. Hata hivyo, alitoka salama, na shamba likabaki mikononi mwake.

Kazi yenyewe ilidai subira. Mvinyo mweupe mtamu wa Yquem hutokana na zabibu zinazoachwa shambani hadi ziote ukungu, ambao huzipunguzia maji na kuzidisha utamu. Kwa kuwa haziivi kwa pamoja, wachumaji hulazimika kupita shamba lile lile mara kadhaa katika msimu mmoja.

Mwaka 1826, miaka mitatu baada ya kumzika mwanawe Antoine-Marie, alijenga ghala la kuhifadhia mvinyo. Aidha, sifa za shamba zilikuwa zimekwishavuka bahari: Thomas Jefferson wa Marekani aliagiza mvinyo huo mwaka 1787, na mwaka 1790 akaagiza tena, safari hii pia kwa ajili ya Rais George Washington.

Alifariki dunia mwaka 1851 na kumwachia shamba mjukuu wake, Romain-Bertrand. Miaka minne baadaye, mvinyo wa Yquem uliwekwa juu ya mivinyo mingine yote mitamu ya Bordeaux.

Gereza na misiba havikulitoa shamba hilo katika ukoo. Kilicholitoa ni mgawanyiko wa warithi wenyewe, walioanza kuuza hisa zao kwa kampuni ya LVMH mwaka 1996.