Paul Harris, Mgeni wa Chicago Aliyeasisi Rotary

Askari anayehamishwa mara kwa mara ajua jinsi mji mgeni ulivyo mzito katika wiki za mwanzo. Sokoni kumejaa watu, wala hapana hata mmoja amwitaye kwa jina. Paul Percy Harris, ambaye twaandika habari zake leo, hakuwa askari bali wakili. Lakini upweke wa namna hiyo ndio uliomsukuma kuasisi chama cha Rotary, ambacho alama yake ya gurudumu lenye meno wasomaji wetu wameiona kandokando ya barabara waingiapo miji mingi. Wengi hukidhania chama hicho kuwa ni baraza la matajiri wanaokutana hotelini kula chakula cha mchana. Dhana hiyo haikosi chanzo, kwani kilianza karibu na hivyo. Tunalotaka kulieleza ni jinsi chama kilichoundwa ili wanachama wafaidiane wao kwa wao kilivyogeuzwa, tena kwa ubishi mkubwa, kikawahudumia watu wasiokuwa wanachama.

Harris alizaliwa tarehe 19 Aprili 1868 katika mji wa Racine, jimbo la Wisconsin, nchini Marekani. Baba yake alikuwa na duka la dawa, nalo likafilisika. Mwaka 1871, mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu, alipelekwa katika kijiji cha Wallingford, jimbo la Vermont, akalelewa na babu na bibi yake wazaa baba. Malezi ya babu na bibi hayahitaji kufafanuliwa kwa wasomaji wetu, maana wengi wetu tumeyapitia. Babu huyo alikuwa mtu wa maneno machache na kazi nyingi, na Harris aliendelea kumtaja kwa heshima hadi uzeeni mwake.

Asidhani mtu kwamba twamsimulia mtoto mwema. Kijijini alijulikana kwa utundu, na mwaka 1886 alifukuzwa katika Chuo Kikuu cha Vermont pamoja na wenzake kwa utovu wa nidhamu. Alikwenda Chuo cha Princeton, akakiacha mwaka 1888 babu yake alipofariki. Akafanya kazi katika kampuni ya kuchonga marumaru, kisha akasomea sheria katika jimbo la Iowa, akahitimu mwaka 1891.

Hapo alifanya jambo ambalo mzazi yeyote angelipinga. Badala ya kufungua ofisi, aliazimia kutumia miaka mitano kuzunguka na kuiona dunia kabla hajatulia. Alikuwa mwandishi wa habari, mchuma matunda, mwalimu, mwigizaji wa jukwaani, mchunga ng'ombe, karani wa zamu ya usiku katika hoteli, na mchuuzi wa marumaru. Alivuka bahari kwenda Uingereza katika meli iliyobeba ng'ombe, ambamo chakula na malazi ya vibarua yalikuwa mabaya kupindukia. Twaona kwamba miaka ile haikupotea bure. Wakili aliyekwisha kulala sakafuni pamoja na vibarua hawezi kuwatazama watu wa chini kwa jicho la dharau.

Mwaka 1896 alifika Chicago, akafungua ofisi ya uwakili. Chicago ya zama hizo ilikuwa ikikua kwa kasi ya ajabu, imejaa wageni kutoka mashambani na ng'ambo. Kulikuwa na utapeli mwingi katika biashara, na mtu hakumwamini mtu. Harris alipata wateja, lakini siku za Jumapili alikuwa peke yake katikati ya umati. Jioni moja mwaka 1900 alialikwa chakula na wakili mwenzake aliyeishi pembezoni mwa mji. Baada ya kula walitembea mitaani, na yule mwenyeji akawa anasalimiana na kila mwenye duka kwa jina. Harris alirudi kwake akiwaza kwa nini hapo mjini kati hapakuwa na udugu wa aina ile, kama wa Wallingford. Wazo hilo alikaa nalo karibu miaka mitano.

Tarehe 23 Februari 1905 watu wanne walikutana katika chumba namba 711 cha jengo lililoitwa Unity, barabara ya Dearborn. Pamoja na Harris walikuwako Silvester Schiele, muuza makaa ya mawe; Gustavus Loehr, mhandisi wa migodi, ambaye chumba kilikuwa chake; na Hiram Shorey, mshona nguo. Mara baadaye aliingia Harry Ruggles, mpiga chapa, ambaye ndiye aliyeanzisha desturi ya kuimba mikutanoni. Walikubaliana kukutana kwa zamu katika ofisi ya kila mmoja, na kwa ajili ya mzunguko huo chama kikaitwa Rotary. Schiele alichaguliwa kuwa rais wa kwanza.

Masharti yao yalikuwa machache. Kila kazi iwe na mtu mmoja tu chamani, ili pasiwe na ushindani. Waitane kwa majina yao ya kwanza, pasipo vyeo. Na kila mmoja anunue kwa mwenzake: mwenye kutaka makaa aende kwa Schiele, mwenye kutaka kuchapisha aende kwa Ruggles. Hata kumbukumbu za biashara walizopeana ziliwekwa kwa hesabu. Hatusemi kwamba jambo hilo lilikuwa ovu. Walikuwa wenye biashara ndogo katika mji mkali, nao walishikana mikono. Lakini faida ile haikuvuka mlango wa chumba chao.

Mwaka 1906 alialikwa kujiunga wakili mmoja wa mambo ya haki za uvumbuzi, Donald Carter. Alipoyasoma masharti alikataa, akisema kwamba chama kisichomfaa mtu yeyote ila wanachama wake hakina maisha marefu. Kwa kawaida mtu anayealikwa kisha akatoa lawama hufungiwa mlango. Hawa walifanya kinyume: walimwomba aingie na asaidie kuandika kifungu kipya, cha kuutumikia mji wa Chicago na kuamsha moyo wa uraia mwema. Carter akaingia.

Kifungu kuandikwa ni jambo moja, na kutimizwa ni jambo jingine. Harris alichaguliwa kuwa rais wa klabu mwaka 1907, na kazi ya kwanza aliyoisimamia ilikuwa ya vyoo. Huenda baadhi ya wasomaji watacheka. Yafaa wafahamu kwamba katikati ya Chicago hapakuwa na choo cha umma. Mwanamume aliyebanwa hana budi kuingia katika baa na kununua bia. Mwanamke huingia katika duka kubwa na kujifanya mnunuzi. Basi shauri la vyoo liliwagusa watu mifukoni. Wenye viwanda vya bia walipinga, na wenye maduka makubwa wakapinga pia. Harris aliviita vyama vingine vya mji vishirikiane na Rotary, wakaiendea halmashauri ya mji, na baada ya mabishano ya miaka miwili vyoo vilifunguliwa karibu na jumba la halmashauri mwaka 1909. Hapakuwa na sanamu wala jiwe la marumaru. Palikuwa na maji, milango na ufagio.

Upinzani mwingine ulitoka ndani. Wanachama wengi waliipenda klabu jinsi ilivyokuwa, na walipomsikia rais wao akizungumza juu ya kuunda klabu katika miji mingine, waliona anawapotezea muda na fedha. Harris aliuacha urais wa klabu mwaka 1908 kabla ya muda wake kwisha. Hatuwezi kumsifu kwa subira katika jambo hili. Alikuwa mtu wa kuwasukuma wenzake. Hata hivyo hakujitenga. Mwaka huohuo klabu ya pili ikaundwa San Francisco, na mwezi Agosti 1910 klabu 16 zilikutana Chicago na kuunda umoja wa kitaifa, yeye akiwa rais wake wa kwanza. Katibu alikuwa Chesley Perry, aliyeshika kazi hiyo hadi mwaka 1942. Kwa maoni yetu, pasipo Perry wazo la Harris lingebaki kuwa wazo tu. Harris aliona mbali. Perry alijibu barua, akaweka hesabu na kufuatilia.

Mwaka huo wa 1910 Harris alimwoa Jean Thomson, mzaliwa wa Scotland. Yasimuliwa kwamba walikutana katika chama cha watembeao mashambani, na kwamba Jean aliona koti lake limechanwa na waya akajitolea kulishona. Hawakujaliwa watoto. Afya ya Harris haikuwa na nguvu, na tangu mwaka 1912 aliwaachia wengine uongozi, akabaki na cheo cha heshima. Klabu zilikwisha kuvuka mpaka na bahari, zikafika Kanada, Ireland na Uingereza. Katika miaka ya baadaye alisafiri nchi nyingi pamoja na mkewe, na alipopita alipanda miti kuwa ishara ya urafiki.

Kuna sehemu ya maisha yake isiyosimuliwa sana, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi kubwa ya Rotary ya leo. Katika mji wa Elyria, jimbo la Ohio, aliishi mfanyabiashara Edgar Allen, ambaye mwanawe aliuawa katika ajali ya tramu mwaka 1907 kwa kuwa hapakuwa na hospitali ya kufaa. Allen alijenga hospitali, kisha akagundua kwamba watoto walemavu walikuwa wakifichwa majumbani. Kwa msaada wa wanachama wa Rotary aliunda chama cha watoto hao mwaka 1919, na baadaye kikawa cha nchi nzima. Harris alipata kuwa mwenyekiti wake. Wengi wa watoto wale walilemazwa na polio, na wakati huo chanjo yake ilikuwa haijapatikana.

Hatutaki kuficha mapungufu. Klabu nyingi za Marekani kwa miaka mingi hazikuwapokea watu weusi, na wanawake walifungiwa mlango kabisa. Klabu ya Duarte, California, ilifukuzwa kwa kuwapokea wanawake. Shauri likafika Mahakama Kuu ya Marekani, iliyotoa hukumu mwaka 1987 kwa upande wa wanawake, na mwaka 1989 Rotary ikabadili katiba yake. Harris, aliyetaka dunia nzima iwe kijiji kimoja, hakuubomoa ukuta huo.

Alifariki Chicago tarehe 27 Januari 1947, mwenye umri wa miaka 78. Alizikwa makaburi ya Mount Hope karibu na Schiele, yule muuza makaa, aliyemtangulia mwaka 1945. Alikuwa ameomba fedha za maua zipelekwe katika mfuko wa hisani wa Rotary. Mfuko huo ulipewa dola 26 na senti 50 tu katika mchango wake wa kwanza mwaka 1918, lakini baada ya kifo chake michango ilimiminika kutoka pande zote, na mara moja wanafunzi 18 wakapelekwa kusoma nchi za nje.

Katika Afrika ya Mashariki klabu ya Nairobi iliundwa mwaka 1930, na ya Kampala mwaka 1957. Tangu mwaka 2012 klabu za Uganda zimekuwa zikiandaa mbio za kila mwaka za kuchangia matibabu ya saratani katika hospitali ya Nsambya. Sam Owori, mwananchi wa Uganda aliyekuwa mtumishi wa benki, alichaguliwa kuiongoza Rotary duniani kwa mwaka 2018 hadi 2019. Mauti yalimfika mwezi Julai 2017 kabla hajashika madaraka.

Sasa tuje kwenye polio. Virusi vyake huingia kinywani kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na kati ya watu 200 walioambukizwa karibu mmoja hupooza asipone. Hivyo wale wenye vyoo vya Chicago walikuwa, pasipo kujua, wameianza vita hii katika mlango wake. Mwaka 1979 Rotary ilitoa dola 760,000 za kuchanja watoto milioni sita Ufilipino. Mwaka 1985 ilijiwekea shabaha ya kukusanya dola milioni 120. Ilipofika 1988 zilikuwa milioni 247. Mwaka huo mataifa yaliungana katika Shirika la Afya Duniani kuufuta ugonjwa huo, uliokuwa ukiwapooza watu 350,000 kwa mwaka katika nchi zaidi ya 125. Tangu hapo umepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio, ingawa mwaka 2022 Malawi na Msumbiji zilipata wagonjwa wa virusi vilivyotoka Pakistani.

Fedha peke yake hazikuleta hayo. Matone mawili ya chanjo hayana budi kufikishwa kwa kila mtoto yakiwa baridi, ndani ya sanduku la barafu, hata palipo na vita. Nchini El Salvador mwaka 1985 majeshi ya serikali na waasi yalisimamisha mapigano kwa siku tatu mbalimbali ili watoto wachanjwe, na utaratibu huo ukaigwa penginepo. Nchini Pakistani, tangu mwaka 2012, wachanjaji wengi waliuawa wakiwa kazini, na pamoja nao polisi waliowasindikiza mlango kwa mlango. Hadi mwaka 2024 nchi hiyo na Afghanistan ndizo mbili pekee ambamo virusi vya asili vilikuwa havijakatizwa kamwe, na kila kampeni ilipoanza Pakistani, maelfu ya polisi walipangwa zamu kuwalinda wabeba masanduku ya barafu.