Mtakatifu Yosefina Bakhita: Shukrani Penye Kisima cha Ubatizo

Mtakatifu Yosefina Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, yapata mwaka 1869. Akiwa mtoto alitekwa na wafanyabiashara ya utumwa, na kwa hofu akalisahau hata jina lake. Watekaji wakamwita Bakhita, yaani mwenye bahati. Aliuzwa mara kadhaa, akapigwa na kuchanjwa mwilini. Mwaka 1890 alibatizwa huko Venezia, Italia. Tangu hapo alionekana mara nyingi akikibusu kisima cha ubatizo kwa furaha. Akawa mtawa Mkanosa, akahudumu Schio, jikoni na mlangoni, hata alipofariki mwaka 1947. Makovu yake hayakufutika, wala shukrani yake haikukoma. Nasi tuliobatizwa, je, tunaikumbuka siku ya ubatizo wetu na kumshukuru Mungu?