Mwalimu Aliyewalisha Vunjajungu

Mwamjua Jean-Henri Fabre? Huyu bwana alizaliwa mwaka wa 1823 kijijini Saint-Léons, kusini mwa Ufaransa, katika ufukara hasa. Akawa mwalimu, na mshahara wenyewe si wa kutajwa. Alipowaeleza wasichana wa Avignon jinsi maua yanavyopata mbegu, watu walikuja juu, akapoteza kazi na hata nyumba aliyopanga.

Mwaka wa 1879 alihamia Sérignan, kwenye shamba la mawe na miiba. Hakuna mkulima angelitaka. Yeye alifurahi mno, maana lilijaa wadudu!

Vunjajungu wa huko huitwa Mwomba-Mungu kwa vile hukunja mikono kifuani. Sala gani hiyo! Fabre aliwaweka majike chini ya vifuniko vya wavu, na watoto wa jirani wakamletea panzi. Malipo yao mkate na vipande vya tikiti. Akakaa kitako kutazama. Vunjajungu akikabiliwa na panzi mkubwa hutandaza mabawa na kutoa sauti kama ya nyoka. Panzi huduwaa, asiweze kuruka. Mara mikono yenye miiba humnasa, naye huanza kutafunwa shingoni, kwani shingo ikiharibiwa, mateke hukoma. Jike mmoja alikula madume saba kwa majuma mawili tu. Waume zake, jamani!

Yote hayo Fabre aliyaandika katika vitabu 10 kuhusu wadudu, cha mwisho kikatoka 1907. Alifariki papo hapo shambani mwaka wa 1915, akiwa na miaka 91.