Mwenye Jina la Jiwe Letu

Kila apitaye penye kivuko cha Kamanga hapa Mwanza huyaona mawe yale yaliyobebana majini, yaitwayo Jiwe la Bismarck. Wajukuu hutuuliza Bismarck alikuwa nani, na yatupasa tuwe na jibu.

Bismark ni mji mdogo wa Altmark, Ujerumani. Ukoo mmoja ulichukua jina la mji huo, na katika ukoo huo Otto von Bismarck alizaliwa tarehe 1 Aprili 1815. Mwaka 1862 akawa Waziri Mkuu wa Prussia. Alipigana na Denmark, na Austria, kisha na Ufaransa, na mwaka 1871 nchi za Kijerumani zikawa dola moja, naye Kansela wake wa kwanza.

Alikuwa mtu mkali. Aligombana na Kanisa Katoliki hata maaskofu wakatiwa gerezani. Lakini ni yeye pia aliyeleta bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883, na sheria ya pensheni ya uzee mwaka 1889. Sisi wastaafu hatuwezi kulidharau jambo hilo.

Hapo kwanza hakuwa na hamu ya makoloni. Hata hivyo, mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885 ulifanyika nyumbani kwake, wala hapakuwa na Mwafrika aliyeketi mezani. Ulipofungwa, siku ya pili yake Kaisari alitoa hati ya kuzilinda nchi alizodai Karl Peters, na utawala wa Wajerumani ukaanza kwetu.

Machi 1890 Kaisari kijana, Wilhelm wa Pili, alimwondoa kazini. Mwezi uliotangulia, Alexander Mackay wa C.M.S. alikuwa amefariki Usambiro, kusini mwa ziwa letu, baada ya miaka mingi ya kazi. Bismarck alifariki tarehe 30 Julai 1898, asikanyage Afrika kamwe.

Jina lake limeenea: mji mkuu wa North Dakota huko Marekani, visiwa vya Papua New Guinea, na manowari iliyozama mwaka 1941. Basi, tuwaambie watoto yote mawili, pensheni na ule mkutano. Tena wajue kwamba mawe yale yalikuwapo, na wavuvi wakiyapita, kabla Mjerumani hajafika.