Albert Einstein na Mawimbi ya Mvutano

Ndugu msomaji uliye Mgololo, ukitupa jiwe katika maji matulivu, viwimbi huenea mpaka ukingoni. Albert Einstein, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1879, alieleza mwaka 1916 kwamba vitu vizito vizungukanapo huitikisa anga yenyewe vivyo hivyo. Mwaka 1936 alishikwa na shaka, akaandika kuwa mawimbi hayo hayapo. Lakini kosa la hesabu zake lilipobainika, alisahihisha makala yake. Alifariki mwaka 1955, mawimbi yenyewe yakiwa hayajapimwa. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo miwili ya Marekani iliyanasa, yametoka kwa mashimo meusi mawili yaliyogongana. Mtikisiko wake ulikuwa mdogo kuliko kiini cha atomu. Basi tambua, mwenye kuitafuta kweli haoni haya kurejea.